Mjue Farasi Wako Akiwa Mzima

Nyuma ya mlango wa banda langu pananing'inia daftari lenye jalada gumu, limefungwa kwa kamba pamoja na kalamu yake. Kurasa zake zina madoa ya matope, na mgeni akilifungua ataona tarakimu tu: 34, 10, 37.6, kisha maneno mawili matatu. "Amekula yote." "Kinyesi kikavu." "Mguu wa nyuma wa kulia una moto kidogo." Nimefuga farasi miaka kumi na tisa, nimeuguza wengi na kuzika wawili. Anayepata farasi wake wa kwanza leo akiniuliza aanze na nini, nitamwambia aanze na daftari hilo, kabla hata ya kununua sanduku la dawa.

Sababu ni kwamba farasi anaficha. Porini anayechechemea ndiye anayeliwa kwanza, kwa hiyo mnyama huyu kazaliwa akijua kumeza maumivu yake. Ukingoja mpaka kila mtu aone kwamba anaumwa, umechelewa saa kadhaa, pengine siku nzima. Lakini ukimjua vizuri akiwa mzima, mabadiliko madogo utayaona mapema.

Namba zake mwenyewe

Farasi mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, anapumua mara 8 hadi 16, na joto lake liko kati ya nyuzijoto 37.2 na 38.3. Hizo ni namba za farasi wote. Unachohitaji wewe ni za huyo wa kwako. Jike wangu Shaba hupiga 34 asubuhi, na jirani yake bandani hupiga 42, na wote wawili ni wazima. Siku Shaba akipiga 44 namwangalia mara mbili, ingawa kitabu kingesema hana neno.

Mapigo yapime hivi. Simama ubavuni pake, karibu na kichwa. Pitisha vidole viwili chini ya mfupa wa taya, pale unapoanza kupinda kupanda kuelekea shavuni, usogeze vidole kwa upande wa ndani. Utagusa kitu kama kamba laini, unene wake kama kalamu ya risasi, kinateleza chini ya vidole. Huo ndio mshipa. Ubonyeze kidogo tu dhidi ya mfupa, halafu utulie. Kidole gumba usikitumie, kina mpigo wake na kitakudanganya. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Siku ya kwanza mimi niliutafuta robo saa nzima, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Ukiwa na stethoskopu kazi ni nyepesi zaidi: isukume kwapani, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, na kumbuka kwamba ule mdundo wenye sauti mbili, dup-dup, unahesabiwa mara moja.

Pumzi hesabu ukiwa umesimama mbali kidogo, ukiangalia ubavu unavyopanda na kushuka. Ukimsogelea puani atakunusa, na hesabu itaharibika.

Joto hupimwa kwa njia ya haja kubwa. Paka kipimajoto mafuta ya mgando, simama ubavuni karibu na nyonga yake, kamwe si nyuma yake, usogeze mkia upande. Ncha iguse ukuta wa ndani. Ikizama katikati ya donge la kinyesi utakuwa umepima donge. Mimi nimefunga kipimajoto changu uzi wenye kibanio, nabana kwenye nywele za mkia, kisianguke wala kisimezwe ndani.

Kisha fizi. Inua mdomo wa juu. Fizi ya mzima ina rangi ya waridi na ina unyevu. Ibonyeze kwa kidole mpaka iwe nyeupe, achia, hesabu: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri au amepungukiwa maji. Fizi nyekundu ya kuiva, ya zambarau, au nyeupe kama chaki si ya kusubiri kesho.

Mwisho weka sikio kwenye ubavu wake, nyuma ya mbavu za mwisho, juu na chini, kushoto na kulia. Tumbo zima linaongea: linanguruma, linabubujika, maji yanamiminika mahali. Kelele hizo ni njema. Kinachonitia hofu ni kimya.

Fanya haya asubuhi na jioni kwa wiki moja, kabla ya kazi na kabla ya chakula, uandike kila kitu. Baada ya hapo unaweza kupunguza, lakini macho na mikono vipite juu yake kila siku. Mimi naanza kichwani, nashuka shingoni, mgongoni, kifuani, halafu kila mguu kuanzia juu mpaka ukwatoni. Mikono inaona kabla ya macho: uvimbe wa ukubwa wa punje ya harage chini ya manyoya utauhisi wala hutauona.

Anachokula, anachokunywa, anachotoa

Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, na linatoa asidi mchana na usiku, awe anakula au hali. Kinachomlinda ni kutafuna: majani humtoa mate mengi, na mate hutuliza asidi. Ndiyo maana farasi anayepewa milo miwili mikubwa ya nafaka na kuachwa na hori tupu saa nyingi hupata vidonda vya tumbo. Majani ndiyo chakula. Nafaka ni nyongeza kwa mwenye kazi nzito. Kadirio lake ni kilo 1.5 hadi 2 za majani makavu kwa kila kilo 100 za uzito wake kwa siku, yagawanywe ili asikae na mdomo mtupu muda mrefu. Nafaka, kama anaihitaji, isizidi kilo 2 kwa mlo mmoja. Ukibadilisha chakula, badilisha kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 14, kwa sababu wadudu wadogo wanaomsagia chakula utumbo mpana wanahitaji muda kuzoea kipya.

Uzito huna haja ya mizani. Mzungushe utepe wa kupimia kifuani, nyuma ya kiwiko, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawe kwa 11,880. Mwenye mzunguko wa 180 na urefu wa 160 ana kilo 436 hivi. Ni makisio, lakini yanatosha kupimia dawa ya minyoo bila kubahatisha.

Maji: farasi wa kilo 500 anakunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na zaidi kukiwa na joto au kazi. Napenda ndoo kuliko chombo kinachojijaza chenyewe, kwa sababu ndoo inaniambia amekunywa kiasi gani. Jiwe la chumvi liwepo siku zote.

Na hapa naomba usome taratibu: chakula cha kuku au cha ng'ombe kisimfikie farasi. Vingine vimetiwa monensini, dawa ambayo kuku na ng'ombe wanaivumilia lakini kwa farasi inaua misuli ya moyo, hata kiasi kidogo. Usitumie koleo moja, gunia moja wala pipa moja.

Kinyesi nacho kisome. Farasi mzima anaenda haja mara 8 hadi 12 kwa siku, na madonge yake yana unyevu, yakianguka yanapasuka. Yakiwa madogo, magumu, yenye utando wa ute, jua chakula kinapita polepole mno.

Tumbo linapouma

Farasi hatapiki. Lango la juu la tumbo lake limekaza hivi kwamba kilichoingia hakirudi, na gesi au maji yakijaa hayana pa kutokea. Huko mbele utumbo mpana ni mrefu, umejikunja, na karibu na nyonga unapinda ghafla na kuwa mwembamba. Majani makavu yasiyo na maji ya kutosha hukwama kwenye kona hiyo.

Asubuhi moja niliingia bandani nikamkuta Shaba amesimama kama kawaida, masikio mbele. Mtu mwingine angempita. Lakini majani ya usiku yalibaki zaidi ya nusu, ndoo ilikuwa imeshuka vidole viwili tu, na sakafuni palikuwa na madonge matano yanayong'aa kwa ute. Nilipokuwa namtazama aligeuza shingo akaangalia ubavu wake wa kushoto, mara moja, kama mtu aliyeitwa jina, kisha akarudi kutazama mbele. Nikashika taya: 56. Upande wa kulia wa tumbo kulikuwa kimya. Nikapiga simu, na swali la kwanza la daktari lilikuwa, "Kawaida yake ni ngapi?" Nikamsomea daftari. Alifika ndani ya saa moja, akaingiza mkono, akakuta chakula kimeganda kwenye ile kona, akampitishia mpira puani hadi tumboni na kummiminia maji yenye chumvi. Saa nne usiku Shaba alitoa kinyesi laini, nami nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikilia.

Farasi wa kwanza niliyemzika hakuwa na bahati hiyo. Kipepeo aliugua nikiwa mwaka wa pili wa ufugaji. Alikuwa akichimba ardhi kwa mguu wa mbele na kulala na kuinuka, nami nikampa dawa ya maumivu iliyokuwa kwenye sanduku kabla ya kumwita mtu yeyote. Akatulia. Nikaenda kulala. Dawa ilipoisha nguvu mapigo yalikuwa 84 na fizi zimegeuka zambarau. Utumbo ulikuwa umejisokota tangu mwanzo. Nilikuwa nimempa saa sita za ukimya, na utumbo ulikuwa unakufa ndani ya ukimya huo.

Kwa hiyo ukiona anachimba, anageukia ubavu, anainua mdomo wa juu, anajinyoosha kama anayetaka kukojoa asikojoe, anajiviringisha, au anatoka jasho bila kazi: toa chakula chote, pima, andika saa, piga simu. Dawa ya maumivu mpe pale tu daktari akikuruhusu. Usimnyweshe mafuta kwa chupa, huingia mapafuni. Akilala kimya mwache alale. Akitaka kujibwaga kwa nguvu mtembeze taratibu, dakika kumi, kisha apumzike. Kumzungusha usiku kucha kunammaliza nguvu anazozihitaji. Akianza kujipigapiga ukutani, toka bandani wewe. Mapigo yakipita 60 na kubaki huko, hali ni mbaya, hata kama kwa macho amepoa.

Kuna jingine linalofanana na hili lakini si hili: mabaki ya chakula na povu vinatoka puani, naye anakohoa na kunyoosha shingo. Hapo chakula kimekwama kooni. Anapumua, usiogope kwamba atakata roho pale pale, ila toa chakula na maji, kichwa kibaki chini, umwite daktari.

Miguu

Safisha kwato kila siku, kabla na baada ya kazi. Chuma cha kuchokolea kianzie kisiginoni kuelekea mbele, kamwe si kinyume, kwa sababu ukiteleza utachoma sehemu laini. Katikati kuna pembetatu yenye unyumbufu kama mpira, na mifereji pande zake. Mifereji hiyo ikitoa uchafu mweusi unaonuka vibaya, anasimama kwenye unyevu mno. Kausha banda kwanza. Dawa juu ya matope haifanyi kazi. Kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 8, awe na viatu vya chuma au peku.

Jifunze pia mpigo wa mguuni. Weka vidole nyuma ya kifundo, pande zote mbili, juu kidogo ya ukwato. Kwa mzima ni hafifu, mara nyingine huupati kabisa. Ukidunda kwa nguvu, kuna moto ndani ya ukwato.

Ukidunda kwenye mguu mmoja tu, na farasi aliyekuwa mzima jana hawezi hata kuukanyagia leo, watu wengi hudhani mfupa umevunjika. Mara nyingi ni usaha. Nilimshikia mguu mtaalamu wa kwato siku moja, yule farasi jirani wa Shaba akitetemeka begani kwa maumivu. Alikuna soli kwa kisu cha ncha iliyopinda, tabaka kwa tabaka, nyembamba kama ganda la kitunguu, mpaka pakatokea nukta nyeusi isiyozidi kichwa cha kiberiti. Akaifuata nukta. Ghafla maji ya kijivu yalichuruzika yakinuka kama yai viza, na nilihisi uzito wa mguu ukilegea mkononi mwangu. Alipouachia, farasi aliuweka chini, akaunyanyua, akauweka tena, akashusha pumzi ndefu. Kazi hiyo usiifanye mwenyewe. Ukichimba pasipofaa unafungua njia kuelekea mfupani.

Ukidunda kwenye miguu yote miwili ya mbele, naye anasimama ameegemea nyuma na hataki kugeuka, hilo ni kubwa zaidi. Mfupa wa ndani umening'inizwa kwenye ukuta wa ukwato kwa tabaka nyororo zilizofumana. Tabaka hizo zikivimba na kuachia, mfupa hugeuka au kushuka, na madhara yake huenda yasirudi nyuma. Huletwa na nafaka nyingi kwa mkupuo, majani yenye sukari nyingi, unene, magonjwa ya homoni ya uzeeni, au kondo la nyuma lililobaki tumboni kwa jike aliyezaa. Usimlazimishe kutembea. Mwekee matandiko laini, marefu, umwite daktari siku hiyo hiyo. Na farasi akivunja stoo ya nafaka akala, piga simu saa hiyo hiyo, kwa sababu miguu huanza kuonyesha baada ya siku moja au mbili, na barafu miguuni kabla ya hapo inaweza kuokoa kwato.

Majeraha

Damu inayotoka kwa nguvu, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Kisha osha kwa maji safi mengi, au maji ya chumvi ya gramu 9 kwa lita. Basi. Usitie unga, majivu, mafuta wala rangi ya zambarau kabla daktari hajaona. Kidonda cha kushonwa hakitaki uchafu wala upako. Tundu dogo juu ya kiungo linanitisha kuliko ngozi kubwa iliyochanika pajani, kwa sababu viini vikiingia ndani ya kiungo vinaharibu mguu mzima. Msumari ukiwa umeingia ukwatoni, uache humo kama hausogei ndani zaidi, ufungie kitu pembeni asiukanyagie, daktari apige picha aone umefika wapi. Jicho lililofumbwa au linalotoka machozi ni la siku hiyo hiyo, na dawa ya macho iliyobaki ya mwaka jana usiitie. Nyingine zina kitu kinachofanya kidonda cha kioo cha jicho kiwe kibaya zaidi.

Kila jeraha ulizia pepopunda. Jina lenyewe limembeba punda, na kweli farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nao upesi kuliko wote. Viini vyake viko kwenye udongo na samadi, huhitaji msumari wenye kutu. Farasi hukakamaa, mkia unainuka, taya linakaza, na utando wa ndani wa jicho unaruka mbele ya mboni akishtushwa. Chanjo ipo na inafanya kazi. Tarehe ya mwisho iandike ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na chanjo nyingine ambazo daktari wa eneo lako anazitaka, ya mafua na ya kichaa cha mbwa zikiwemo.

Minyoo na meno

Kumpa kila farasi dawa ya minyoo kila miezi miwili kumezaa minyoo isiyosikia dawa. Peleka kinyesi kihesabiwe mayai kwanza. Kwenye kundi, wachache, kama 20% hivi, ndio hutoa takriban 80% ya mayai yote. Hao ndio wa kutibiwa zaidi. Watoto wana utaratibu wao, muulize daktari. Na zoa kinyesi malishoni mara mbili kwa wiki, haina gharama na inashinda dawa nyingi.

Meno yanasukumwa nje maisha yake yote na kusagika kwa kutafuna, na kingo zinabaki zenye makali yanayokata shavu. Akidondosha mapumba ya majani yaliyotafunwa nusu, au akikataa lijamu, mdomo uangaliwe. Mara moja kwa mwaka hata kama hana dalili.

Unapopiga simu

Sema kwa mpangilio huu: umri na jinsia, kama ana mimba, umeona nini na saa ngapi, mapigo, pumzi, joto, fizi, tumbo linaongea au kimya, lini alikula na kwenda haja mara ya mwisho, na dawa gani amepewa. Usifiche dawa uliyompa, hata kama unaona aibu. Muulize ufanye nini mpaka afike, urudie maneno yake ili mhakikishe mmeelewana.

Ukishakata simu, fungua geti, funga mbwa, washa taa zote za banda. Jaza ndoo mbili za maji safi, mvalishe kamba ya kichwani, tafuta mtu mmoja mtulivu wa kumshika. Farasi wengine wasogeze, lakini mmoja aliyemzoea abaki anapoweza kumwona. Kisha pima mapigo kila baada ya dakika kumi na tano, uyaandike na saa yake.